Kabla ya Ile Sauti: Barbara Jordan na Miaka Sita ya Austin

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya mtu aliyeanzia bunge la jimbo akafika bunge la taifa. Ningeweza kumchukua Obama, aliyeitumikia Seneti ya Illinois karibu miaka minane kabla ya kwenda Washington, na nusu ya ukumbi huu ingepiga makofi kwa ajili ya Kogelo, kijiji cha baba yake, peke yake. Lakini sisi tunaishi Houston, na Houston ina mtu wake. Ametoka Fifth Ward, mtaa ambao baadhi yenu mnaupita kila asubuhi mkienda kazini. Barbara Jordan.

Wengi wanaomjua wanamjua kwa sauti. Hotuba yake ya Julai 25, 1974, mbele ya Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, siku ambazo Rais Nixon alikuwa anakaribia kung'oka kwa kashfa ya Watergate, inapatikana hadi leo kwenye intaneti, na ukiisikia mara moja huisahau. Sauti nzito, ya taratibu, kila silabi imetamkwa mpaka mwisho wake. Watu husema alizaliwa nayo. Huenda. Ila sauti haipitishi mswada. Kwa hiyo jioni hii tutakaa Austin, makao makuu ya jimbo letu la Texas, zaidi kuliko Washington, kwenye ile miaka sita ambayo wanaomsifu huipita kwa sentensi moja. Mimi naamini Jordan wa Washington alipikwa kule akaiva.

Alizaliwa Februari 21, 1936, binti wa mwisho kati ya watatu. Baba yake, Benjamin Jordan, alikuwa karani wa ghala na baadaye mchungaji wa Kibaptisti. Babu yake mzaa mama, John Ed Patten, alikuwa akifanya biashara ya vitu chakavu, na ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa utotoni. Alimaliza sekondari ya Phillis Wheatley mwaka 1952 akaenda Texas Southern University, hapahapa mjini. Msidhani alichagua. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kilikuwa hakipokei wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza mpaka mwaka 1956, mwaka uleule aliohitimu yeye. Na hiyo Texas Southern yenyewe ilianzishwa na jimbo mwaka 1947 kwa haraka haraka, baada ya Heman Sweatt, mtu Mweusi aliyekuwa tarishi wa posta hapa Houston, kwenda mahakamani akidai aingie shule ya sheria ya Austin. Serikali iliona ni afadhali ijenge chuo kizima kuliko kumpa mtu mmoja kiti. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Sweatt haki yake mwaka 1950, chuo nacho kikabaki, na ndicho kilichomfundisha Jordan mdahalo. Kocha wake, Thomas Freeman, aliwazungusha wanafunzi wake nchi nzima kwa gari, na timu hiyo ilitoka sare na Harvard. Baadaye Jordan alisema sare kwa chuo kama chao ilikuwa ushindi. Mimi nakubaliana naye.

Akasomea sheria Boston University, akamaliza mwaka 1959, akarudi nyumbani. Hakuwa na pesa za kupanga ofisi. Wateja wake wa kwanza aliwapokea kwenye meza ya chakula ya wazazi wake.

Sasa tusimame kidogo kwenye swali la nani alikuwa anapiga kura Texas wakati huo, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka. Kwa miaka mingi Chama cha Democratic ndicho kilichokuwa chama pekee chenye nguvu hapa. Ukishinda mchujo wake umeshinda kiti, na uchaguzi wa Novemba unakuwa sherehe tu. Chama kikaweka kanuni kwamba mchujo ni wa Wazungu peke yao. Aliyeivunja kanuni hiyo ni daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1944. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall. Wakenya mliomo humu mnapaswa kulijua jina hilo kwa sababu nyingine pia: mwaka 1960 Marshall alikwenda London, Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akaandika rasimu ya tamko la haki kwa ajili ya katiba yenu. Kwa hiyo mnadaiana na Houston tangu zamani.

Baada ya mchujo wa Wazungu kufa, kodi ya kura ilibaki. Ili upige kura ulilipa dola moja na nusu au zaidi kidogo, na ulilipa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wakati hata wagombea hujawajua. Kwa mama anayefua nguo za watu hiyo ilikuwa pesa ya kula. Kodi hiyo ilifutwa kwa chaguzi za kitaifa mwaka 1964, na kwa chaguzi za majimbo mwaka 1966. Ushikeni huo mwaka 1966.

Mwaka 1960 Jordan alijitolea kwenye kampeni ya Kennedy na Johnson. Walimpa kazi ya kulamba bahasha, kisha wakamgundua. Akasaidia kupanga mitaa ya Weusi nyumba kwa nyumba, kila kipande cha mtaa na mtu wake anayewajua majirani kwa majina, kama balozi wa nyumba kumi. Hapo siasa ikamnasa.

Akagombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962. Akashindwa. Akarudi mwaka 1964. Akashindwa tena. Watu wakamwambia: wewe ni mwanamke, ni Mweusi, na mwili wako ni mkubwa, haya yote hayauziki. Yeye alikaa akatazama hesabu, akaona tatizo liko kwenye ramani. Wagombea wa Harris, kaunti yetu hii ya Houston, walipigiwa kura na kaunti nzima. Mitaa ya Weusi ilimpa kura zake karibu zote, kisha kura hizo zikazama ndani ya bahari ya kura za kaunti. Na kwenye Seneti ya jimbo mambo yalikuwa mabaya zaidi: katiba ya Texas ilisema hakuna kaunti itakayokuwa na seneta zaidi ya mmoja. Harris ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa sensa ya 1960. Seneta mmoja! Kaunti za mashambani zenye watu wachache zilikuwa na sauti ileile.

Mwaka 1964 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mabunge yote mawili ya jimbo lazima yagawiwe kwa idadi ya watu. Mtu mmoja, kura moja. Texas ikalazimika kuchora ramani upya, Harris ikapata viti kadhaa vya Seneti, na kimojawapo, kile cha 11, kikaangukia kwenye mitaa ileile aliyokuwa anaizungukia tangu 1960. Mwaka 1966, kodi ya kura imekufa na ramani ni mpya, Jordan akamshinda mwakilishi Mzungu aliyekuwa na jina kubwa zaidi yake kwenye mchujo. Akawa mtu Mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Texas tangu mwaka 1883, na mwanamke Mweusi wa kwanza kabisa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi. Mgombea alikuwa yuleyule, mwili uleule, sauti ileile. Mwaka 1964 alionekana hauziki, mwaka 1966 akashinda.

Haya, Januari 1967, Austin. Maseneta 31, wanaume 30 na yeye. Siku ya kuapishwa watu wake wa Houston walijaa kwenye roshani ya wageni, na alipoingia wakalipuka kwa shangwe. Kanuni za Seneti zinakataza shangwe roshani. Jordan akainua macho, akaweka kidole mdomoni, wakanyamaza. Wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa anawafurahisha wenye nyumba. Mimi naona alikuwa amesoma kanuni kabla hajaingia mlangoni.

Na kanuni ndizo zilizokuwa silaha yake. Alijisogeza karibu na Dorsey Hardeman, seneta wa San Angelo, mhafidhina wa kutupwa, kwa sababu hakuna aliyezijua kanuni za nyumba ile kama yeye. Wakawa marafiki. Jioni maseneta walipokutana kunywa na kupiga soga, naye alikuwapo, na gitaa lake mara nyingine, akiimba. Alikuwa hataki awe mgeni wa heshima anayepongezwa kisha anakwenda zake hotelini kulala.

Niwape mfano wa jinsi kanuni inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo patamu. Seneti ya Texas ilikuwa na desturi: mwanzoni mwa kikao wanaweka mswada mmoja usio na maana juu kabisa ya orodha, na hauguswi. Mswada mwingine wowote ukitaka kuruka foleni unahitaji theluthi mbili ya kura. Theluthi mbili ya 31 ni 21. Maana yake ukipata watu 11 mkashikamana, mswada haujadiliwi hata kidogo. Haushindwi kwa kura, unakaa tu pale mpaka unaoza. Ulipoletwa mswada ambao ungefanya uandikishaji wa wapiga kura uwe mgumu zaidi, Jordan hakutoa hotuba. Alizunguka kimyakimya akikusanya ahadi, kwa mmoja alimkumbusha fadhila, kwa mwingine akaahidi yake, mpaka akawa na kumi, na yeye wa kumi na moja. Kisha akaenda kwa mwenye mswada akamweleza hesabu. Mswada ukafia hapo. Hakuna kamera, hakuna sauti nzito, hakuna kitu cha kupandisha kwenye intaneti. (Kanuni hiyo imelegezwa siku hizi. Tangu mwaka 2021 zinatosha kura 18. Waliolegeza nao walijua hesabu.)

Alipigania sheria ya kwanza ya Texas ya kima cha chini cha mshahara, iliyowagusa watu ambao sheria ya taifa ilikuwa imewaacha, kama wafua nguo na vibarua wa mashambani. Alipigania fidia bora kwa wanaoumia kazini. Mengine alipata nusu, mengine alikosa. Mwaka 1972 maseneta wenzake wakamchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, na kwa desturi ya Texas anayeshika cheo hicho hupewa siku moja ya ugavana: gavana na naibu wake husafiri nje ya jimbo, naye anabaki na madaraka. Juni 10, 1972, Barbara Jordan alikuwa gavana wa Texas kwa siku moja. Mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kushika ugavana, hata kama ni kwa siku. Baba yake alikuja Austin kuona, akaugua kiharusi siku hiyohiyo, akafariki kesho yake. Mzee Benjamin alimwona binti yake kwenye kile kiti, basi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wasifu mwingi hulipaka rangi.

Baada ya sensa ya 1970 Texas iliongezewa kiti kwenye Bunge la Marekani, na ramani zote zikachorwa upya mwaka 1971. Jordan alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kuchora mipaka. Katikati ya Houston kikachorwa kiti kipya cha Bunge la taifa, cha 18, chenye mitaa yake. Kwenye ramani ya Seneti ya jimbo mitaa hiyohiyo ikakatwakatwa, na kile kiti alichokuwa anakiacha kikawa si cha Weusi tena. Curtis Graves, mwakilishi Mweusi wa Houston aliyekitamani kiti hicho cha Seneti, akasema hadharani kwamba Jordan ameuza kiti cha watu wake ili ajinunulie cha Washington. Akaingia kwenye mchujo wa 1972 kupambana naye. Jordan alimshinda kwa takriban asilimia 80 ya kura.

Kura zilimpa haki yeye. Lakini ramani haikumwangusha Graves peke yake. Jordan alipoondoka, Seneti ya Texas ilikaa bila seneta Mweusi hadi mwaka 1983, alipoingia Craig Washington, naye wa Houston. Miaka kumi. Je, aliuza? Mimi nimelitafakari sana, na ninavyoona ni kwamba hakuwa na nguvu za kuokoa viti vyote viwili mbele ya wenye wingi wao, akachagua kilichokuwa kikubwa, na kilichokuwa kikubwa kilikuwa chake. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri na faida yake mwenyewe kwa wakati mmoja. Wanasiasa wengi huishi hapo, na anayewaambia vijana kwamba Jordan alikuwa juu ya mambo hayo anamwondolea ile akili yenyewe tunayomsifia.

Januari 1973 akaingia Washington pamoja na Andrew Young wa Georgia. Walikuwa watu Weusi wa kwanza kutoka Kusini kuingia Bunge la Marekani tangu mwaka 1901. Lyndon Johnson, ambaye alikuwa ameshatoka Ikulu na amebakiza siku chache za kuishi, alikuwa amemwombea nafasi kwenye Kamati ya Sheria. Mbunge mgeni angependa kamati yenye kugawa pesa au barabara, yeye alitaka ya sheria. Mwaka mmoja na nusu baadaye kamati hiyohiyo ikawa inaamua hatima ya rais.

Hotuba yenyewe ni dakika kama 13. Kila mjumbe kati ya 38 alipewa muda wake, na zamu yake ikafika usiku, nchi nzima ikiwa mbele ya televisheni. Akaanza na maneno ya kwanza ya Katiba, yale ya “Sisi watu”, akasema kwamba ilipokamilika mwaka 1787 yeye hakuwamo, na kwa miaka mingi alidhani George Washington na Alexander Hamilton walimsahau kwa bahati mbaya. Kisha: imani yangu kwa Katiba ni nzima, imekamilika, haina pengo. Watu hukariri hapo. Mimi nawaomba msikilize katikati ya hotuba, pale pasipo na maneno matamu. Anachukua kigezo kimoja cha waasisi kuhusu kosa la kumng'oa rais, anakisoma, anaweka kando yake kitendo cha Nixon. Anachukua kigezo cha pili, anaweka kitendo cha pili. Hamtukani mtu. Hana hasira. Huyo ni mwanafunzi wa Freeman na mshirika wa Hardeman. Siku mbili baadaye kamati ilipitisha shtaka la kwanza kwa kura 27 dhidi ya 11, na Agosti 9 Nixon akawa ameondoka. Hapa Houston yalisimamishwa mabango barabarani ya kumshukuru kwa kuwaeleza watu Katiba.

Kazi ya pili kubwa haikuwa na mabango. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilikuwa imeyabana majimbo ya Kusini yenye historia ya kuzuia Weusi, yasibadilishe kanuni za uchaguzi bila idhini ya Washington. Texas ilikuwa imeponyoka. Mwaka 1975 sheria ilipokuwa inaongezewa muda, Jordan alisukuma ipanuliwe iwaguse pia raia waliozuiwa na lugha, hasa Wamexico wa Texas waliokuwa wanapewa karatasi za kura za Kiingereza tupu. Viongozi wa jimbo lake mwenyewe walipinga, wengine wakiwa ni watu aliokaa nao Austin akiimba na gitaa. Ikapita, Rais Ford akaitia sahihi Agosti 6, 1975, na Texas ikaingia kwenye kundi linalobanwa. Ile idhini ya Washington ilivunjwa nguvu na Mahakama Kuu mwaka 2013. Sehemu ya lugha ingali hai, na nitairudia kabla sijakaa, kwa sababu inatuhusu.

Mwaka uleule wa 1975 alifanya jambo jingine lililowaudhi marafiki zake. John Connally, gavana wa zamani wa Texas, mtu ambaye hakuwahi kuwa rafiki wa haki za Weusi, alishtakiwa kwa rushwa iliyohusu bei ya maziwa, na Jordan akakubali kupanda kizimbani kueleza tabia yake njema. Connally akaachiwa. Sina maelezo mazuri ya hili na sitayatunga. Texas ina njia zake za kulipana fadhila.

Mwaka 1976 alifungua mkutano mkuu wa Democratic kule New York, mwanamke Mweusi wa kwanza kutoa hotuba hiyo, na watu wakaanza kumtaja kwa umakamu wa rais. Kisha, Januari 1979, baada ya vipindi vitatu, akaondoka Bungeni kwa hiari yake. Alikuwa na miaka 42. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umeshamwanza, ingawa hakupenda kuuzungumzia. Alikwenda kufundisha maadili ya uongozi katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Ndiyo, kilekile ambacho mwaka 1952 kilikuwa kimefungwa kwake. Sanamu yake ya shaba iko kwenye viwanja vya chuo hicho leo, na nyingine iko uwanja wa ndege wa Austin.

Kuna ukurasa wake wa mwisho ambao kwa sisi wageni ni mgumu, na nisingekuwa mkweli kuuruka. Kuanzia miaka ya 1990 aliongoza tume ya taifa ya marekebisho ya uhamiaji. Mwaka 1995 tume yake ilipendekeza idadi ya wahamiaji halali ipunguzwe, na ile foleni ya raia kuwaombea ndugu zao wa tumbo moja ifutwe kabisa. Wangapi humu mliletwa na kaka au dada? Naona mikono. Bunge halikuyapitisha hayo, mnaweza kushusha pumzi. Lakini mwaka uleule walipotokea wabunge wakitaka mtoto anayezaliwa hapa na wazazi wasio na hati asipewe uraia, Jordan alikwenda mbele yao akapinga. Kwake yeye taifa lina haki ya kuweka mlango na kuamua nani aingie, ila likishampokea mtu halina haki ya kumweka uani. Ukikubali au ukikataa, lilikuwa wazo moja, na alilishika bila kuangalia nani atamshangilia. Alifariki Januari 17, 1996, akiwa na miaka 59, akazikwa kwenye makaburi ya jimbo, Austin, mwanamke Mweusi wa kwanza kuzikwa pale.

Na kile kiti cha 18? Kilichukuliwa na Mickey Leland, naye akitokea Baraza la Wawakilishi la Texas. Leland aliyatoa maisha yake kwenye suala la njaa. Agosti 1989 ndege iliyokuwa inampeleka kwenye kambi ya wakimbizi huko Ethiopia ilianguka, na wote 16 waliokuwamo wakafa. Wengi wenu mlipofika Houston mara ya kwanza mliteremkia kwenye jengo lenye jina lake pale uwanja wa ndege wa Bush, mkapiga picha, mkapita. Aliyefuata ni yuleyule Craig Washington, kutoka Seneti ya jimbo. Watatu mfululizo, wote wametokea Austin. Mnaona njia inavyopita.

Ndugu zangu, mimi humu ndani nikiuliza nani ni mbunge wa Kawe, wa Lang'ata, nani ni gavana wa Kivu Kaskazini, nitajibiwa na makelele juu. Nikiuliza nani ni seneta wako wa Texas, ukumbi unakuwa msikiti. Na seneta huyo leo anawakilisha watu kama 940,000, wengi kuliko mbunge wa Marekani anayewakilisha kama 767,000. Bunge la Austin hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, kwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, na katika siku hizo linaamua shule ya mtoto wako, leseni yako ya unesi, bima ya lori lako, na mipaka ya ramani.

Sasa ile sehemu ya lugha. Kwa sheria ile ya 1975 na marekebisho yaliyofuata, Kaunti ya Harris inachapisha karatasi za kura kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakimo, na hakitaingia kwa kuongezeka kwetu tu, kwa sababu sheria inataja makundi ya lugha inayoyalinda, na lugha za Afrika hazikutajwa. Kulibadili hilo ni kazi ya Washington. Lakini ipo haki nyingine, iliyoongezwa mwaka 1982: mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, au mwenye ulemavu, anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa hiyo bibi ambaye ni raia na hasomi Kiingereza anaweza kuingia na mjukuu wake. Mjukuu ataapishwa kwanza. Aape, asiogope.

Texas haina uandikishaji wa kura kwa intaneti, isipokuwa unapohuisha leseni ya udereva mtandaoni. Kwa wengine ni fomu ya karatasi, sahihi ya kalamu, na iwe imefikishwa au imegongwa muhuri wa posta angalau siku 30 kabla ya uchaguzi. Fomu ziko kwenye ile meza karibu na mlango, pembeni ya chai. Ni kwa raia tu, tafadhali. Mwenye kadi ya kijani asijaze hata akisukumwa, atajiharibia. Dada aliyekaa pale atawaonyesha pia namna ya kutafuta seneta wako kwa anwani ya nyumba.

Maswali sasa. Naona mzee wangu pale mbele mkono umeshapanda zamani, nadhani tangu nilipomtaja Connally. Karibu, mzee.